Maneno Niliyowaambia Nyuki

Asali ikizimuliwa kwa maji ya uvuguvugu hutoa harufu isiyofanana na ya asali wala ya maji. Ni harufu ya kitu kilichokuwa kimelala kikaamshwa. Ukiongeza moshi wa jikoni na vumbi la mwisho wa kiangazi, lile vumbi jekundu linalokaa kooni hata ukinywa maji, hapo mimi nakuwa mtoto tena, nimechuchumaa nyuma ya nyumba ya babu yangu Kasubi, ng'ambo ya Mwamkulu, siku zile ambapo huko kote kulikuwa pori na ukitaka kumwona jirani unaanza safari asubuhi. Mkononi nina kata ya kibuyu. Mbele yangu kuna chungu kidogo ambacho mdomo wake ulizibwa kwa nta tangu mavuno, na Babu anaibandua ile nta kwa ncha ya kisu, polepole, kama mtu anayemfungua mgonjwa bandeji. Chungu hicho hakikuwa chetu. Pale nyumbani kilikaa darini juu ya moshi, na hata njaa ya watu ilipokuja hakuna aliyekigusa. Tulikiita chungu cha wenyewe, na wenyewe ni nyuki.

Sisi ni Wakonongo, na babu yangu alikuwa mtu wa mizinga. Kaya yetu ilikuwa ndogo: yeye Babu, mama yangu Nyanzala, baba yangu mdogo Maganga ambaye alikuwa bado hajaoa, na mimi Kalunde. Baba yangu mzazi, Mrisho, alikuwa kwenye machimbo mjini Mpanda na tulimwona mara moja moja, akija na sabuni na kofia mpya. Kwa hiyo mtu niliyemfuata kama kivuli alikuwa Babu. Alitengeneza mizinga ya magome, akaitundika juu ya miti porini, na kila mzinga aliupa jina kama mtoto. Ninayakumbuka yote. Kulikuwa na Mkali, ambao hata ukipita mbali nyuki wake walikufukuza. Kulikuwa na Mama Watoto, ambao kila mwaka ulitoa kundi jipya. Kulikuwa na Mgeni, uliotundikwa mwisho. Na kulikuwa na Mwali, ambao ulikuwa wangu. Babu aliutundika mwaka niliozaliwa, akasema asali yake ya kwanza ndiyo niliyolambishwa. Mtu akiniuliza nilikuwa na nini utotoni, nguo au viatu, nasema sikuwa navyo, lakini nilikuwa na mzinga.

Kwa wasiojua pori la kwetu nieleze kidogo. Nyuki wa Katavi hawali mwaka mzima. Miti ya mtundu ikitoa maua mvua zinapoelekea kwisha, wanashiba, wanajaza masega, na sisi tunavuna kiangazi kinapoanza. Baadaye pori linakauka, majani yanapukutika, moto unapita, na nyuki wanakaa wakingoja miyombo ichanue kabla ya mvua kurudi. Miyombo ikichanua kwa wakati wake, hakuna neno. Ila kuna miaka inachelewa. Mwaka ninaousimulia ilichelewa mpaka watu wakaanza kuitazama vibaya. Mama akitwanga ulezi, nyuki walikuja kwenye ungo wakajipaka unga miguuni, wakaruka nao kama vile ni chavua ya maua. Nilipoona mara ya kwanza nilicheka. Babu hakucheka. Alisema, "Nyuki akianza kuokota unga kwa watu, ujue huko kwake jiko limezima." Akamwambia Mama asiwafukuze, amwage unga kidogo kwenye jiwe kila asubuhi. Mama alimwaga, akinung'unika kwamba kumbe hata wadudu sasa wana zamu ya kulishwa kwake.

Nyuki wakishikwa na njaa hawakai kukufia mikononi. Wanahama. Asubuhi moja unapanda mti unakuta mzinga mtupu, masega makavu, na siafu wanatembea ndani kama wapangaji wapya. Ndiyo maana Babu alikuwa na desturi aliyoirithi kwa wazee wake. Njaa ikizidi, mizinga ile anayoipenda hushushwa jioni, milango imezibwa kwa nyasi, wanaume wakaibeba kwenye miti begani mpaka nyumbani, ikawekwa juu ya panda za miti nyuma ya nyumba, kimo cha kiuno, na chini ya kila panda tunazungushia majivu ili siafu wasipande. Hapo nyuki wakawa wageni wa kaya. Jua likianza kuzama, tunazimua asali ya chungu cha wenyewe, tunailowesha kwenye vipande vya masega makavu, Babu anafungua kifuniko cha nyuma kidogo tu, na mimi naingiza. Mchana hatukufanya hivyo kamwe, kwa sababu nyuki wa porini wangenusa wakaja kuwapora. Maji yao yalikaa kwenye gome lililokunjwa, na ndani yake nilitia vijiti na makapi ili wanywaji wasizame. Kazi ya maji ilikuwa yangu asubuhi na jioni. Nilitoka nayo kisimani kichwani, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu.

Na kulikuwa na maneno. Kabla ya kulisha siku ya kwanza, lazima mtu mmoja wa kaya aende kwa kila mzinga, aweke mdomo karibu na mlango, awaambie. Ni maneno machache ya Kikonongo. Yenyewe sitayaandika hapa. Maana yake ni kwamba kaeni kwetu, msihame, mkono unaowalisha hautawakata mpaka maua yarudi. Ukishasema, mzinga huo haukatwi msimu huo, hata aje mgonjwa anayetaka asali ya dawa, hata aje mkubwa gani. Hiyo ilikuwa ahadi, na ahadi hiyo ilishikwa na kinywa kilichoitoa. Mwaka ule Babu aliniita mimi. Nilidhani nimesikia vibaya, maana Maganga alikuwepo, Mama alikuwepo, watu wazima wenye vinywa vyao. Babu akanishika kidevu, akaniambia, "Wewe una sauti ya maji. Hawa wengine sauti zao kama majembe." Siwezi kueleza jinsi nilivyojisikia. Nilitembea kutwa nikiwa nimefunga mdomo ili sauti isimwagike ovyo.

Nikasema. Nilianza na Mama Watoto kwa sababu ulikuwa mpole, nikaenda kwa Mgeni, nikaenda kwa Mkali kwa kunyata, na Mwali nikauweka mwisho ili nikae nao zaidi. Ndani nilisikia mvumo mdogo, mwembamba, kama mtu anayeimba amefunga midomo. Niliposema, mvumo ukashuka. Labda ni pumzi yangu iliwashtua tu. Mimi nilijua wamenisikia. Tangu siku hiyo sikupita nyuma ya nyumba bila kuwasalimu. Maganga aliponikuta nimeinama mlangoni mwa Mwali, alipiga makofi.

"Kalunde umeshaolewa wewe! Sasa mahari nitadai kwa nani, kwa malkia?"

"Utadai kwa huyo mchumba wako," nikamjibu, "aliyekukimbia siku ya mnada."

"Hakukimbia! Alikuwa anawahi mvua."

"Mvua kiangazi?"

Mama alicheka mpaka akaweka mchi chini. Ninayaandika haya ili ujue tulikuwa tunapendana. Hatukuwa kaya ya watu wabaya. Ingekuwa hivyo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Kulisha kukazaa matunda. Mzinga wenye njaa husimama kuzaa, malkia hatagi, maana hatagi watoto wa kuwaua kwa njaa. Ila ukiuambia kwa chakula kwamba dunia bado ipo, anataga. Jioni moja Babu alifungua kifuniko cha Mwali akaniita nichungulie. Kwenye masega ya katikati niliona majana, wale watoto wa nyuki weupe walionona, wamejikunja kila mmoja chumbani mwake. Hakukuwa na mzinga mwingine porini kote wenye majana wakati ule. Babu alitazama kwa muda mrefu. Nilidhani anafurahi kama mimi. Nikamwambia, "Babu, maua yakija hawa watakuwa wameshajua kuruka." Akasema, "Ndiyo." Akafunika.

Siku hizo hizo posa ya Maganga ilikubaliwa. Yule mchumba aliyewahi mvua kumbe alikuwa wa kweli, aliitwa Mwashi, binti wa watu wazuri, na wazazi wake walitaka jambo moja lisikosekane, pombe ya asali, ile ya zamani inayochemka yenyewe chunguni. Asali ya mavuno ilikuwepo, imetengwa. Kwetu pombe ile haichachuki kwa asali na maji tu. Inatiwa majana. Yanakamuliwa na masega yake ndani ya chungu, na ndiyo yanayoifanya ivimbe na kutoa povu. Bila majana unakuwa na maji matamu ya kuwapa watoto. Mambo haya yote niliyasikia yakizungumzwa jikoni, na sikuyaunganisha. Akili yangu ilikuwa kwenye vijiti vya maji na majivu ya siafu. Nilikuwa nimeshasema maneno. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sawa na kufunga mlango kwa komeo.

Asubuhi moja Mama alinikalisha kati ya magoti yake akaanza kunisuka. Haikuwa siku ya kusukana. Alinipaka mafuta mpaka shingoni, akasuka mistari midogo midogo ambayo huwa anaifanya kwa sikukuu tu, na muda wote hakusema neno, yeye ambaye akisuka husimulia ukoo mzima. Alipomaliza, Babu akaja na fimbo yake akasimama mlangoni. "Kalunde, shangazi yako Milembe anaumwa. Anakutaka. Utakwenda na huyu jirani Mama Zuhura, anapita Misunkumilo kwenda mjini kununua chumvi. Lala kule siku mbili tatu, umsaidie maji." Shangazi Milembe ni binti yake wa kumzaa, dada wa baba yangu, nami nilimpenda sana. Nikauliza nani atawawekea nyuki maji. Babu akasema, "Nitaweka mwenyewe." Nikauliza, na vijiti? Akasema, "Na vijiti." Nilikwenda kuwaaga mmoja mmoja. Mwali niliuambia nakwenda kumwona mgonjwa, nitarudi.

Tulifika Misunkumilo jua limeinama. Shangazi Milembe nilimwona kutoka mbali, yuko juu ya ngazi ya ghala lake, anaezeka nyasi, kanga imefungwa kiunoni, anampigia kelele mbuzi. Nikasimama. Mama Zuhura akanitazama, akatazama chini, akasema yeye anawahi mjini, akaondoka bila hata kunywa maji.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba Kalunde! Umekuja na nani? Kuna nini huko nyumbani?"

"Babu kasema unaumwa."

"Naumwa?" Akajishika kifua, akajishika goti, akacheka. "Naumwa nini? Nani kasema naumwa?"

Halafu akashuka ngazi. Aliniangalia nywele. Akaligusa lile suko la sikukuu kwa kidole kimoja, na kicheko kikamtoka usoni kama mtu amekipangusa.

"Nyie mmelisha nyuki mwaka huu?"

"Ndiyo Shangazi."

"Nani alisema maneno?"

"Mimi. Babu alisema nina sauti ya maji."

Akakaa chini, pale pale kwenye nyasi zake za kuezekea. Mbuzi akaanza kula zile nyasi, wala hakumfukuza. "Na mimi alinambia hivyo hivyo," akasema. "Sauti ya maji." Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini ya kumweleza mtu mzima mwenzako, jambo ambalo kila mkubwa wa kwetu alilijua na hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa. Yale maneno yanamfuata aliyeyasema. Akilala kwenye kaya, ahadi iko kwenye kaya. Akilala kwingine hata usiku mmoja, ahadi imekwenda kulala naye huko, na mizinga iliyobaki nyumbani iko huru, inaweza kukatwa na hakuna neno lililovunjwa. "Mtu mzima huwezi kumtumatuma," Shangazi akasema. "Atauliza naenda kufanya nini. Mtoto unamwambia shangazi anaumwa. Ndiyo maana wanachagua mtoto. Mimi nilitumwa kwa mama mdogo, tena nilipewa kuku nimpelekee mgonjwa. Nilimkuta anacheza ngoma."

Nadhani ndiyo siku niliyozeeka, kama kuna siku ya hivyo. Sikulia kwanza. Niliuliza, nikirudi sasa hivi nikalale nyumbani, je? Akanitazama. Akatazama jua. Nikaanza kukimbia. Alinikamata kabla ya kufika njiani, akanibeba nikimpiga mateke, akaniambia kwamba simba wa pori lile hawana habari na maneno yangu, wataniona nyama tu. Kukipambazuka tutakwenda wote, akaniapia. Basi nililala Misunkumilo. Nililala nimeziba mdomo kwa kiganja, kwa akili ya kitoto kwamba labda nikikizuia kinywa, kitakuwa hakijalala huko.

Tulipokaribia nyumbani kesho yake harufu ilitupokea kabla ya watu. Nyasi zilizoungua, nta, na mabawa. Mabawa ya nyuki yakiungua yananuka kama nywele. Nyuma ya nyumba zile panda zilikuwa zimesimama tupu, majivu yangu chini yake yamekanyagwa, na mizinga imelazwa ardhini, vifuniko vimetupwa. Mwali ulikuwa umepasuliwa ubavu mzima, hawakuwa hata na subira ya kupitia nyuma. Ndani kulibaki mistari ya nta tu. Gome la maji lilikuwa kavu. Jikoni Mama na jirani mwingine walikuwa wanakamua masega juu ya vyungu, mikono imewajaa ule uji mweupe wa majana mpaka viwikoni. Mama aliinua uso. Alichosema ni, "Nywele zimekaa vizuri." Mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Babu alikuwa kwenye kigoda chake ananoa kisu. Nikampa shikamoo kwa sababu nilikuwa nimelelewa. Akaitikia marahaba, macho yakiwa kwenye kisu.

"Babu, mimi niliwaambia."

"Uliwaambia," akasema. "Lakini jana hukulala hapa."

Nilisubiri aendelee. Nilidhani kuna kitu kingine kinafuata, hata uongo, hata ugomvi. Ningepokea kofi. Akasema tu, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, ya upole, "Hakuna neno lililovunjwa, Kalunde. Njoo ule." Akanikatia kipande cha sega kutoka kwenye ungo. Lilikuwa la Mwali. Nililijua kwa weusi wake upande mmoja, ni lile nililoliweka kwa mkono wangu likiwa limeloweshwa asali ya chungu cha wenyewe. Sikulipokea. Maganga akalichukua yeye, akalitafuna, akatema nta, akaniambia nisinune, harusini nitapewa kibuyu cha kwanza. Alikuwa na furaha ya mtu anayeoa. Hakuona kabisa.

Aliyeona ni Shangazi Milembe. Alisimama mbele ya baba yake na mguu wake wenye vumbi la safari, mimi nimejificha nyuma ya kanga yake, moyo wangu ukisema sasa yatasemwa. Akasema, "Baba, hata na mimi ulifanya hivi." Babu akapitisha kidole kwenye makali ya kisu. "Wewe ulikua, ukaolewa, una watoto," akamjibu. "Umepungukiwa nini?" Shangazi akafunga kanga kiunoni vizuri, akaingia jikoni, akamwambia Mama asogee, chungu kile kimejaa sana kitamwagika kikianza kupanda. Nikabaki nimesimama bila kanga ya kujificha. Ya Babu iliniumiza, lakini hii ya Shangazi ndiyo iliyonikalisha chini. Yeye alikuwa anajua, na bado alijua mahali pa kushika chungu.

Harusi ilikuwa nzuri. Lazima niseme ukweli. Pombe ilipanda ikatoa povu, watu wa Mwashi waliisifu mpaka wakaimba, na mimi nilizungusha kibuyu kwa wageni kama nilivyoagizwa. Babu alicheza. Nyuki waliobaki, wale waliokuwa porini wakitafuta wakati moto unawashwa asubuhi ile, walikuwa wamejikusanya kwenye panda ya Mwali, fungu dogo kama ngumi, bila malkia, bila mtoto, bila nyumba. Nilijaza lile gome maji nikarudisha vijiti. Walikuja kunywa. Hilo ndilo lililonishinda, kwamba walikuja kunywa maji yangu, mahali pale pale, kwa utaratibu ule ule, kama vile sisi na wao hatujakosana. Kila asubuhi fungu lilikuwa dogo zaidi. Kisha siku moja panda ikawa panda tu. Miyombo ilichanua muda si mrefu baadaye, pori likawa linanukia kila upande. Mwaka uliofuata mizinga mipya ilitundikwa, nyuki wengine wakaingia, asali ikapatikana kama kawaida. Hakuna aliyeadhibiwa. Nilingoja sana adhabu ije, haikuja. Babu aliponiita tena nikaseme maneno, nilimwambia sauti imenikauka. Alinitazama, akaelewa, akamwita mtoto wa jirani.

Jambo moja sijalijua hadi leo nami nimekuwa bibi wa wajukuu. Sijui kama Babu aliwalisha nyuki wale ili wasife na harusi ikaja kumharibia, au kama aliwalisha tangu mwanzo kwa ajili ya majana. Posa ilikuja baada ya kulisha, hilo nakumbuka vizuri. Lakini mtu mzima hujua posa ya mwanawe kabla mtoto wa jikoni hajaisikia. Nimeligeuza miaka yote hiyo upande huu na upande ule. Ningepewa kumuuliza marehemu mmoja swali moja, ningemwacha hata mume wangu nimuulize Babu Kasubi hilo.

Sasa naishi Misunkumilo, si mbali na lilipokuwa ghala la Shangazi Milembe. Pori limesogea mbali. Wasukuma walikuja na ng'ombe wao, ni majirani zangu wema, watu wengine walikuja na majembe na mashoka, mkaa umechukua miyombo mingi, na nyuki siku hizi wana njaa miezi mingi kuliko ile ya utoto wangu. Mwanangu ana mizinga ya mbao yenye vifuniko vya bati. Jina lake ni Kasubi. Mila ilitaka mtoto wa kwanza wa kiume aitwe hivyo, nikampa, na kila nikimwita nasikia majina mawili. Ni mtu mzuri. Kiangazi anakoroga sukari kwenye ndoo, anaiweka kwenye sahani zenye vijiti, jioni, mimi namsimamia nikiwa kwenye kiti changu. Anaacha masega ya akiba, hakombi yote. Hachomi nyuki, ana kifaa cha kupulizia moshi na nguo nyeupe. Hakuna mtoto anayesukwa asubuhi ya mavuno. Ukilinganisha, haya ya sasa ni bora, nami sitasema utotoni kulikuwa na heri.

Juzi walikuja wageni kutoka mjini, vijana wa kufundisha watu kulisha nyuki wakati wa ukame. Walikuwa na adabu, walinisalimu wote, na waliyoyafundisha yalikuwa ya kweli. Kasubi alifurahi sana kuwaonyesha mizinga. Kisha akanigeukia. "Mama, si ulisemaga zamani kulikuwa na maneno ya kuwaambia nyuki wasihame? Waambie wayasikie." Binti mmoja akainua simu yake. Kasubi akaona natengeneza kanga yangu, akadhani ninaona haya, akasema, "Basi umfundishe Neema, ayaseme yeye. Ana sauti nzuri, wamrekodi." Neema ni mjukuu wangu. Alikuwa amesimama karibu na maji ya nyuki akiwa na kikombe, na aliposikia jina lake akajinyoosha, akafunga mdomo, akang'aa uso wote. Ninaujua uso ule. Niliuvaa kutwa nzima.

"Nimeyasahau," nikasema.

Kasubi akacheka. "Wewe Mama? Wewe unayekumbuka mpaka jina la mbuzi wa shangazi yako?" Wageni wakacheka naye. Hata mimi nikacheka kidogo. Mbuzi yule aliitwa Sikitu.

"Hayo maneno nimeyasahau," nikarudia. "Neema, weka hayo maji uje hapa ukae na mimi."